CTEK MXS 5.0 kwenye Porsche 911 iliyolazwa: chaja nzuri, kazi iko kwenye waya

Gari la spoti likilazwa gereji miezi mitatu, cha kwanza kufa ni betri. Hesabu yake ni fupi. Porsche 911 ya kizazi cha 997, hata ikiwa imefungwa na ufunguo uko kabatini, inaendelea kunywa umeme: alamu, kipokezi cha rimoti, kompyuta zinazolinda kumbukumbu zake. Chukua miliampea 30, kiasi cha kawaida kwa gari lisilo na hitilafu. Kwa siku ni ampea-saa 0.72, kwa mwezi karibu 22. Betri ya ampea-saa 70 inafika nusu ndani ya wiki saba, na hapo hatujahesabu chaji inayopotea ndani ya betri yenyewe. Upotevu huo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo gereji ya Mombasa, Dar es Salaam au Muscat inaimaliza betri upesi kuliko ile ya Limuru penye baridi.

Kwenye 911 betri ikifa, hasara haiishii kwenye stata. Betri imekaa mbele, chini ya kifuniko cha plastiki karibu na kioo, na boneti inayoifunika hufunguliwa kwa swichi ya umeme iliyo chini pembeni ya kiti cha dereva. Umeme ukiisha, boneti haifunguki, na betri huifikii. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya sanduku lile lile unalotaka kulifungua.

Ndiyo maana tathmini hii inaitazama chaja pamoja na njia ya kuiunganisha. Kwenye gari hili, waya uliowekwa vizuri una thamani kubwa kuliko taa zote zilizo usoni mwa chaja.

Kifaa chenyewe

CTEK ni kampuni ya Sweden, na MXS 5.0 ndiyo chaja yake inayojulikana zaidi kwa wenye magari ya kulaza. Ni ya betri za volti 12, inatoa ampea 5 kwa kiwango cha juu, na uzito wake ni kama gramu 600. Inachaji betri za ampea-saa 1.2 hadi 110, na kutunza tu inafika hadi 160. Betri ya 911 kwa kawaida ni ampea-saa 70 au 80, kwa hiyo iko ndani kabisa ya uwezo wake. Kasha limefungwa kwa kiwango cha IP65: vumbi na maji ya kurushiwa havipiti. Plagi ya ukutani haina kinga hiyo, jambo ambalo watu wengi hulisahau wanapoosha sakafu ya gereji.

Bei yake Uingereza huwa chini ya pauni 100. Ukilinganisha na bei ya betri ya AGM (ya risasi, yenye tindikali iliyonyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo) ya gari kama hili, chaja imejilipa siku ya kwanza inapookoa betri moja.

Kinachoitofautisha na chaja ya gereji ya kawaida ni kwamba haisukumi umeme tu hadi mtu aje kuichomoa. Ina hatua nane, kila moja na taa yake, na inafaa kuzielewa kwa sababu taa hizo ndizo lugha pekee inayozungumza.

Hatua ya kwanza hupiga mipigo ya umeme kuvunja fuwele za salfeti zilizoganda kwenye bamba za risasi. Ya pili inaonja: je, betri inapokea chaji? Ya tatu ndiyo kazi nzito, ampea 5 mfululizo hadi betri ifike karibu asilimia 80. Ya nne inapunguza ampea polepole huku volti ikishikiliwa kwenye 14.4, na ikifika hapo gari linaweza kuwashwa. Ya tano ni mtihani: chaja inaacha kusukuma kwa dakika 3 na kutazama kama volti itaporomoka hadi 12. Ya sita ni ya kufufua betri iliyozama sana, na haifanyi kazi mpaka uichague mwenyewe. Ya saba inaishikilia betri kwenye volti 13.6 kwa siku 10. Ya nane ndiyo utunzaji wa muda mrefu: inaiacha betri ipumzike, volti ikishuka inairudishia, inaiacha tena. Gari linaweza kukaa kwenye hatua ya nane miezi na miezi.

Muda wa kufika huko unategemea betri imeshuka kiasi gani. Betri ya ampea-saa 70 iliyo nusu inahitaji ampea-saa 35, yaani saa 7 za ampea 5, halafu saa kadhaa za hatua ya nne ambako mambo huenda taratibu kwa makusudi. Iunganishe jioni, ihukumu kesho yake mchana. Anayeichungulia kila baada ya nusu saa atadhani imekwama.

Kitufe ni kimoja tu, MODE. Picha ya pikipiki ni kwa betri ndogo za hadi ampea-saa 14, na ukiisahau hapo gari litapewa ampea 0.8 tu. Picha ya gari ni volti 14.4, kwa betri za kawaida. Kipande cha theluji ni volti 14.7, na hapa ndipo watu hukosea: wanaona theluji, wanasema hii si ya kwetu. Alama hiyo inasimamia pia betri nyingi za AGM, na ni ya kuchaguliwa hata Tanga ikiwa lebo ya betri inataka volti 14.7. Soma lebo, usisome hali ya hewa. RECOND, ile ya kufufua ya hatua ya sita, inapanda hadi volti 15.8, na tutairudia, kwa sababu ina hatari zake.

Tunapenda zaidi ya yote kwamba haitoi cheche unapoiunganisha, na ukigeuza chanya na hasi inawasha taa ya hitilafu bila kuunguza kitu. Tusichopenda ni kwamba haionyeshi namba yoyote. Hakuna volti, hakuna ampea. Kwa chaja ya bei hii, skrini ndogo isingekuwa anasa. Multimita (kipimo cha volti na ampea) ya bei rahisi inabaki kuwa nyenzo ya lazima.

Kuiunganisha: njia tatu, moja ndiyo sahihi

Ndani ya boksi kuna jozi mbili za waya: mmoja wenye vibano na mwingine wenye pete za M6 za kufungwa moja kwa moja kwenye betri. Wengi hutumia vibano na kuacha pete kwenye boksi. Kwa gari linalolazwa, fanya kinyume chake.

Waya wa pete unafungwa mara moja na kubaki garini daima. Una fyuzi ya ampea 15 na soketi ndogo yenye kifuniko cha mpira. Kila unapolaza gari ni kuchomeka tu, tiki, basi. Kuufunga huchukua kama dakika 20.

Kabla ya kuanza, kama redio ya gari ni ile inayodai namba ya siri baada ya kukosa umeme, hakikisha unayo. Fungua boneti na uiache wazi hadi kazi iishe. Ondoa kifuniko cha plastiki cha betri. Legeza nati ya kichwa cha hasi kwa spana, kwa kawaida namba 10, uvue waya na kuusogeza pembeni usirudi kugusa. Hasi hutangulia kutoka kwa sababu moja: spana ikiteleza ukiwa kwenye chanya na kugusa bodi wakati hasi bado imeungwa, ni shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. Kisha legeza nati ya chanya, vesha pete nyekundu kwenye bolti yake na uikaze. Usitumie nguvu nyingi. Hizi ni bolti ndogo na Nm 5 au 6 zinatosha. Pete isikae kati ya kibano cha kichwa na nguzo ya risasi. Ikae juu ya kibano, chini ya nati.

Pete nyeusi ndiyo yenye mjadala. Kwenye 997 unaweza kuifunga kwenye bolti ya kichwa cha hasi bila tatizo. Lakini magari mengi ya miaka ya karibuni, BMW zikiongoza, yana kihisi kidogo kilichobebwa na kibano cha hasi, kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukifunga waya wa chaja upande wa nguzo, kabla ya kihisi, gari halioni chaji iliyoingia na linaendelea kuamini kwamba betri iko chini. Dawa ni kufunga hasi kwenye bolti ya ethi ya bodi, ile ambayo waya mnene wa betri umeishia. Kwa gari lolote usilolijua, funga ethi ya bodi na hutakosea. Kuna faida nyingine: cheche yoyote itatokea mbali na betri, na betri inayochajiwa hutoa hidrojeni.

Rudisha hasi ya betri mwisho. Gari likiamka, vioo vya milango vitakuwa vimesahau mwisho wa safari yao: pandisha kila kioo hadi juu, achia, kisha bonyeza tena kupandisha na ushikilie kidogo. Usipofanya hivyo, kioo hakitashuka ile sentimita inayotakiwa mlango unapofunguliwa, na utasikia mpira wake ukilalamika.

Sasa mkia wa waya. Hapa ndipo 911 inapodai akili. Soketi ya chaja lazima ifikike boneti ikiwa imefungwa. Pitisha waya pembeni ya sehemu ya mizigo, utokeze kwenye ukingo wa boneti ambako kuna mpira laini wa kuzuia maji, mbali na kufuli na mbali na bawaba. Funga boneti polepole ukiwa umeshika waya, uone unateleza au umebanwa. Ukitelezateleza kidogo, ni sawa. Ukiwa umekazwa kama uzi wa gitaa, tafuta njia nyingine, kwa sababu ganda litakatika na chanya itagusa bodi. Fyuzi ya ampea 15 iko kwa ajili ya siku hiyo, mradi iwe karibu na betri na si mwisho wa mkia.

Sababu ya usumbufu wote huu: waya huo ni mlango wa uani. Umeme ukikatika mwezi mzima, betri ikazama, boneti ikagoma, chaja bado inafika kwenye betri kupitia mkia ulioachwa nje. MXS 5.0 inaanza kuchaji kuanzia volti 2, kwa hiyo hata betri iliyozama vibaya huitambua. Baada ya muda kuna umeme wa kutosha kusukuma kufuli. Usijaribu tu kuliwasha gari kwa kubusti kupitia waya huo, fyuzi itakatika kabla stata haijageuka hata mara moja.

Njia ya pili ni vibano. Kwa siku moja havina ubaya: chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye bolti ya ethi, halafu ndipo plagi ya ukutani. Kutoa, plagi kwanza, cheusi, chekundu. Tatizo kwa muda mrefu ni boneti. Ukiifunga unabana nyaya nene pamoja na vibano. Ukiiacha wazi, taa ya sehemu ya mizigo inaweza kubaki imewaka na gari lisilale vizuri. Wapo wanaofunga ndimi za kufuli kwa bisibisi ili gari liamini boneti imefungwa. Ujanja huo unafanya kazi hadi mtu mwingine wa nyumbani aje kuibamiza boneti juu ya kufuli iliyokwisha kujifunga.

Njia ya tatu ni soketi ya kiberiti cha sigara, na CTEK wanauza plagi yake. Inavutia, hakuna spana. Lakini soketi lazima iwe na umeme gari likiwa limelala. Kwenye magari mengi mapya soketi hukatwa muda fulani baada ya kufunga milango, na chaja inabaki ikiwaka taa bila kufika popote. Pima: funga gari, subiri saa nzima dirisha likiwa wazi, kisha ingiza ncha za multimita kwenye soketi. Ukiona 12 na kitu, njia ipo. Ukiona sifuri, sahau. Hata ikiwepo, waya utapita kwenye mpira wa mlango na kuacha alama yake, na boneti ikigoma bado huna mkia wa kukuokoa.

Boneti ikiwa imeshagoma

Kwa wanaosoma hili wakiwa wamechelewa: kwenye 997 fungua mlango kwa ufunguo wenyewe, toa kifuniko cha sanduku la fyuzi lililo pembeni ya miguu, utaona kichwa chekundu kinachovutwa nje. Hiyo ni chanya ya dharura. Iunganishe na chanya ya betri nyingine, na hasi ya betri hiyo ipeleke kwenye chuma tupu, kwa mfano ndoana ya kufuli la mlango. Alamu inaweza kulia mara moja. Izime kwa rimoti. Kisha bonyeza swichi ya boneti. Njia hii ni ya kufungulia tu. Waya wake ni mwembamba, si wa kuchajia wala kuwashia gari.

Umeme wetu na chaja yao

Plagi kwanza. Toleo la Uingereza lina miguu mitatu ya mraba, ile ile ya Kenya, Tanzania, Uganda, Oman na Falme za Kiarabu, na linakubali volti 220 hadi 240. Toleo la bara Ulaya lina miguu miwili ya duara, linafaa Rwanda na Burundi, na kwingine litataka adapta. Hatari iko kwa chaja zinazokuja na mizigo kutoka Marekani. Zipo zilizotengenezwa kwa volti 120 pekee, na ukizichomeka kwenye 240 zitaungua kabla hujageuka. Angalia neno INPUT kwenye lebo ya nyuma. Ndani ya plagi ya miguu mitatu weka fyuzi ya ampea 3. Ya 13 haimlindi mtu kwenye kifaa kinachovuta chini ya ampea moja.

Umeme kukatika hakuidhuru. Chaja ikikosa umeme inavuta kidogo sana kutoka kwenye betri, chini ya ampea-saa 1 kwa mwezi kwa vipimo vya CTEK. Umeme ukirudi, inaanza upya yenyewe kwa programu iliyochaguliwa mwisho. Tabia hii ni nzuri, ila ina mtego. Ukiwa ulichagua RECOND ukasafiri, kila umeme utakaporudi inaweza kuipeleka tena betri kwenye volti 15.8. Kabla ya kuondoka, rudisha taa kwenye picha ya gari au ya theluji na uhakikishe kwa macho.

Kinachoua chaja ni umeme unaorudi na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji kinachouzwa kwenye kila duka la vifaa vya umeme, chenye kuchelewesha umeme dakika chache na kukata volti ikizidi, kinafanya kazi nzuri hapa pia. Kama wasiwasi ni bili, piga hesabu: hata ikivuta wati 5 usiku na mchana, ni uniti 3.6 kwa mwezi.

Joto ndilo jambo zito. Betri ya risasi ikiwa na joto haihitaji volti nyingi kama ikiwa baridi. Kwa betri ya volti 12 tofauti ni karibu volti 0.02 kwa kila nyuzi. Gereji ya bati Muscat mwezi wa Juni ikifika nyuzi 45, volti 13.6 inayofaa kwenye nyuzi 25 imezidi kwa karibu 0.4, na kidogo kidogo inakausha maji ya betri. MXS 5.0 za sasa zina fidia ya joto. Ili isidanganyike, weka chaja na waya wake kwenye hewa ile ile ya gari, usiipitishe dirishani kwenda chumba chenye kiyoyozi. Yenyewe imepimwa hadi nyuzi 50. Isikae juu ya betri, wala juu ya rangi ya gari: inapata moto wa kiasi, na kasha lake likitetema huchubua. Sakafuni juu ya kipande cha ubao panatosha.

Pwani, chumvi ya hewa hula vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, osha kwa magadi soda na maji, kausha, kaza, halafu paka mafuta ya mgando. Ukipaka kabla ya kukaza unaweka mafuta mahali ambapo chuma kinapaswa kugusa chuma.

Taa ya hitilafu inaposema

Ikiwaka mara tu unapounganisha, umegeuza chanya na hasi au vibano vimegusana. Ikiwaka baada ya siku nzima kwenye hatua ya tatu, chaja imefikia kikomo chake cha saa 20 bila betri kujaa. Saa 20 kwa ampea 5 ni ampea-saa 100, zaidi ya betri nzima ya 911, kwa hiyo umeme ulienda mahali: ama betri ina seli iliyokufa, ama gari linakunywa zaidi ya kawaida. Tafuta redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, kifaa cha kufuatilia gari, taa ya ndani ya kasha la glavu. Chomoa, pima mvuto kwa multimita baada ya gari kulala nusu saa. Zaidi ya miliampea 50, kuna mwizi.

Ikiwaka kwenye hatua ya tano, betri imepokea chaji ikashindwa kuishika hata dakika 3. Zima kila kitu, rudia mara moja. Ikirudia jibu lile lile, nunua betri.

RECOND ni ya betri iliyozama na kukaa hivyo, ambayo tindikali yake imejitenga na kutuama chini. Hudumu kati ya dakika 30 na saa 4. Tungeifanya betri ikiwa imevuliwa kutoka kwenye nyaya za gari, kwa sababu volti 15.8 ni nyingi kwa kompyuta ambazo maishani mwake zimezoea 14 na kidogo, na mahali penye hewa, kwa sababu gesi huongezeka. Ukiigusa betri ukaikuta ya moto, kata. Wapo wanaoifanya kila mwezi kama dawa ya minyoo. Mara moja kwa mwaka inatosha, na kwa betri yenye afya hata hiyo si lazima.

Usitegemee miujiza. Betri iliyokaa miezi sita chini ya volti 11 katika joto, salfeti yake imeshakuwa jiwe. Chaja inaweza kuifikisha hatua ya saba, taa zikawaka vizuri, na siku ya safari ikakuangusha. Pima yenyewe: chomoa chaja, subiri saa 12, pima. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Iliyotoka hatua ya nane ikalala kwenye 12.3 haina tena cha kutunzwa.

Ukilinganisha

NOCO Genius5 kutoka Marekani nayo ni ampea 5, inashika volti 6 na 12, na ina programu ya lithiamu ambayo MXS 5.0 haina. Kwa mwenye magari mchanganyiko, ndiyo yenye matumizi mapana. Battery Tender Plus inatoa ampea 1.25 tu: kwa kutunza inatosha kabisa, lakini kurudisha ampea-saa 35 itachukua zaidi ya siku nzima. Inafaa Mazda MX-5 za vizazi viwili vya mwanzo, ambazo betri yake ndogo iko ndani ya buti na waya hutokea bila shida.

Zile chaja zisizo na jina zenye skrini na maandishi ya "pulse repair" zinazojaa mitandaoni, zijaribu kwa kipimo kimoja kabla ya kuziachia gari: siku moja baada ya kuandika FULL, pima volti kwenye betri. Kati ya 13.2 na 13.8, au 12.7 ikiwa imepumzika, zinaweza kuvumiliwa. Ukikuta 14.4 bado inasukumwa, irudishe dukani.

Gereji isiyo na soketi ya umeme ina jibu lake: fungua hasi ya betri. Kwenye 911 usifunge boneti ukishafanya hivyo. Paneli ndogo ya sola ya wati 5 yenye kidhibiti nayo inafidia mvuto wa miliampea 30, ikikaa juani na si nyuma ya kioo cha tinti. Kinachopaswa kuachwa ni ule mtindo wa kumwambia askari wa geti awashe gari dakika 10 kila Jumamosi. Kuwasha kunachukua umeme mwingi kwa mkupuo, alternata haijapata muda wa kuurudisha, na maji yanayotokana na mwako yanabaki kwenye ekzosi na oili ambazo hazikupata moto wa kuyakausha.

Na kwa wachache wenye 911 GT3 au Boxster Spyder zenye betri ya lithiamu ya kiwandani, ile ya ampea-saa 18 yenye uzito usiofika kilo 6: MXS 5.0 si yenu. Mipigo ya hatua ya kwanza imekusudiwa risasi na salfeti, na betri ya lithiamu haina hata kimoja. CTEK wenyewe wana CS ONE, ya ampea 8, inayotambua risasi na lithiamu bila kuchaguliwa programu, na vibano vyake havijali kipi kimewekwa chanya na kipi hasi. Ni ghali zaidi. Waya wa pete ufungeni vile vile, na mkia utokeze nje ya boneti.